Jina la mtoto wa kiume: Kizito, Baraka au Emmanuel? Naomba ushauri kabla ya usajili

Baba wa Bweyale

Ndugu zangu, salamu kutoka Bweyale. Mke wangu amejifungua salama mtoto wa kiume katika kituo cha afya hapa wilayani Kiryandongo, na wote wawili wana afya njema, Mungu ashukuriwe. Muuguzi aliyetuandikia karatasi ya taarifa ya kuzaliwa aliiacha wazi nafasi ya jina, akatuambia turudi tukishaamua, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayopelekwa kwenye usajili.

Tumebaki na majina matatu: Kizito, Baraka na Emmanuel. Mimi naegemea Baraka, kwa sababu Kiswahili ndicho tunachozungumza nyumbani na mtaani, na jina hilo halihitaji mkalimani ukienda Arua, Mbale wala Kasese. Mke wangu anapenda Kizito. Emmanuel limetoka kwa dada yangu. Naomba mnilinganishie majina haya kwa faida na kasoro zake, na kama yupo aliyempa mwanawe mojawapo, atueleze limemkaaje.

Mzee wa Bombo

Hongera sana, ndugu yetu, na Mwenyezi Mungu amkuze mtoto katika kheri. Hata hivyo, swali lako limekuja nusu. Hukutuambia mtoto ana siku ngapi, wala hukutaja dini ya nyumba yenu, na jibu langu linategemea mambo hayo mawili. Kwetu Waislamu wa hapa Bombo, mtoto wa kiume hufanyiwa akika siku ya saba: huchinjwa mbuzi wawili, hunyolewa nywele, na jina lake hutangazwa mbele ya jamaa na majirani. Kwa hiyo wazazi wanayo wiki nzima ya kushauriana bila kuharakishwa na mtu. Majina yanayopendekezwa zaidi katika mafundisho ya Mtume ni Abdallah na Abdurahman, na katika wajukuu wangu yamo yote mawili.

Kizito na Emmanuel yananifanya nidhani kuwa ninyi ni Wakristo. Lakini Baraka nimelisikia misikitini na makanisani vilevile, na hiyo kwangu ni sifa yake kubwa.

Mwana wa Mengo

Hongera, ssebo. Wewe ni wa kabila gani na ukoo gani? Kwetu Buganda kila ukoo una hazina yake ya majina, ya wavulana na ya wasichana, na wazee wa ukoo ndio wanaolitoa jina wakijua ni nani aliyelibeba zamani. Mtu akitaja jina lake, msikilizaji mzoefu anatambua papo hapo kuwa ni wa Mbogo, wa Nkima au wa Ngeye, na kijana wa ukoo huo huo anajua kuwa yule ni dada yake, hawezi kumposa. Ndiyo maana mara nyingi mtoto wa Kiganda hana jina la baba yake, na hakuna anayeona ajabu.

Kama huna ukoo unaokubana, na unataka jina la Kiganda, Kizito si baya, lakini mimi ningempa Mukasa. Ni jina la heshima, linatamkika kwa kila kabila, na halijapitwa na wakati.

Mwanga wa Jinja

Baba wa Bweyale, kabla hujaandika Mukasa, fahamu kwanza asili yake. Mukasa ni lubaale, yaani mungu wa jadi wa Waganda, wa ziwa, na hekalu lake kuu lilikuwa kisiwani Bubembe katika visiwa vya Ssese. Kibuuka naye ni lubaale wa vita. Sisi walokole tunaamini kuwa jina ni agano, na mzazi anapolitamka juu ya mtoto kila asubuhi, anamweka chini ya mwenye jina. Mchukue Emmanuel, ambalo maana yake inajulikana na kila msomaji wa Injili ya Mathayo, na roho yako itatulia.

Katekista wa Masindi

Sitaki jambo hili lipite hivi hivi, kwa sababu linawaumiza Wakristo wengi wenye majina hayo.

Papa Paulo wa Sita alipowatangaza watakatifu mashahidi 22 wa Uganda, tarehe 18 Oktoba 1964, miongoni mwao alikuwamo Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyeuawa tarehe 15 Novemba 1885, wa kwanza kabisa kati ya mashahidi Wakatoliki. Alikuwamo Adolfu Mukasa Ludigo. Alikuwamo Mukasa Kiriwawanvu. Alikuwamo pia Ambrosi Kibuuka. Kanisa halikuwavua majina waliyopewa na wazee wao; liliyapandisha altareni pamoja nao, na kila tarehe 3 Juni mahujaji wanayatamka kule Namugongo. Mwenye kuwafundisha vijana kwamba jina la babu yao ni laana na afikirie kwanza wanaume hao.

Sasa nije kwenye swali. Kizito ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote, kijana wa miaka kama 14, aliyebatizwa na Karoli Lwanga kule Munyonyo siku za hatari mwishoni mwa Mei 1886, kisha akachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni. Kwa mtoto wa kiume sioni msimamizi aliye bora zaidi. Kuhusu Baraka, wapo wazazi wanaoambiwa kwamba padri atalikataa kwa kuwa si jina la mtakatifu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 855, inawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie tu kwamba mtoto hapewi jina lisilopatana na roho ya Kikristo. Baraka halina tatizo hilo.

Hata hivyo nakubaliana na wenzangu kwamba maelezo yako hayatoshi.

Mwalimu wa Aduku

Hayatoshi kabisa. Tunalinganisha majina matatu bila kujua tunamlinganishia nani. Tafadhali tueleze kabila la baba, kabila la mama, mtoto huyu ni wa ngapi kuzaliwa, na hasa alizaliwa baada ya nani. Katika sehemu kubwa ya nchi yetu, hilo la mwisho ndilo linaloamua kuliko yote. Ukishajibu tutakushauri kwa uhakika; kwa sasa kila mtu anapendekeza jina alilolizoea kwao.

Baba wa Bweyale

Nawashukuru wote. Mtoto ana siku tano leo. Sisi ni Wakatoliki. Mimi asili yangu ni Oyam, ng'ambo ya Karuma, na mama wa mtoto ni Mnyoro, wazazi wake wako karibu na Masindi. Huyu ni mtoto wetu wa tatu. Wawili wa kwanza ni wasichana mapacha, Apio na Acen, ambao sasa wako darasa la pili.

Mwalimu wa Aduku

Basi mtoto huyo ni Okello.

Ndugu yangu, wewe ni mtu wa Lango kama mimi, na unafahamu kwamba mvulana anayezaliwa baada ya mapacha jina lake limeshatolewa kabla hajatoka tumboni. Mapacha wakiwa wavulana ni Opio na Ocen, wakiwa wasichana ni Apio na Acen, na anayewafuata ni Okello au Akello. Hakuna kikao kinachokaa kuamua. Mgeni akifika nyumbani kwako na kuwasikia Apio na Acen wakiitwa, atauliza mwenyewe, "Okello yuko wapi?" Utamjibu nini, kwamba Okello anaitwa Baraka?

Sina ubaya na Baraka wala na Kizito. Mojawapo linaweza kukaa kando ya Okello kwenye cheti cha ubatizo. Lakini kulinganisha majina matatu na kuliacha nje lile ambalo mtoto amezaliwa nalo ni jambo ambalo wazee wa Oyam watalihisi kama kukataliwa, na mtoto mwenyewe akikua ataulizwa swali hilo shuleni, kwenye matanga na siku atakayopeleka mahari.

Nyinabarongo wa Hoima

Isebarongo, yaani baba wa mapacha, hongera sana, na umsalimie Nyinabarongo mwenzangu, mama wa mapacha, hapo nyumbani. Mwambie ale vizuri na asiinuke mapema kwenda shambani.

Mwalimu amesema kweli kwa upande mmoja tu. Mtoto huyu ana mama, na kwa upande wa mama pia jina limeshatolewa. Kwetu Bunyoro, mapacha wa kike ni Nyangoma na Nyakato, wa kiume ni Isingoma na Kato, na anayewafuata ni Kiiza, awe mvulana au msichana. Anayemfuata Kiiza ni Kaahwa. Nina hakika kwamba nyanya yake wa Masindi alishamwita Kiiza saa ile ile aliyopigiwa simu, kabla hajauliza hata uzito wake. Mimi mwenyewe ni mama wa Isingoma na Nyakato, na Kiiza wangu alijulikana kwa jina hilo hospitalini kabla sijamwona vizuri.

Halafu kuna empaako, jina la salamu na heshima, ambayo hakuna aliyeitaja. Mtoto wa Kinyoro bila empaako hasalimiki. Mzee akikutana naye atamuuliza empaako yake, na akikosa jibu, hana namna ya kumwamkia kwa upendo na heshima inavyotakiwa. Amooti, Akiiki, Araali, Abwooli, Atwooki, Adyeeri, Apuuli, Ateenyi: uchaguzi ni mpana, isipokuwa Okaali ambayo ni ya Mukama, mfalme wetu, peke yake. Mwaka 2013 UNESCO iliiweka desturi hii katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa sababu vijana wetu wanaiacha. Nakuomba usiwe miongoni mwa wanaoiacha.

Mwana wa Mengo

Nyinabarongo ameniwahi. Hata kwetu Buganda anayefuata mapacha ni Kizza, na baada yake ni Kamya. Wasswa na Kato, Babirye na Nakato, kisha Kizza. Kwa hiyo naliondoa pendekezo langu la Mukasa. Kama ungetueleza habari ya mapacha tangu mwanzo, ssebo, au nikuite Ssalongo, baba wa mapacha, tungefika hapa mapema zaidi.

Mwalimu wa Aduku

Dada yangu wa Hoima, naiheshimu empaako, lakini nina swali la kweli. Kwa kawaida shangazi wa upande wa baba ndio wanaompokea mtoto, wakamtazama uso, wakaona amefanana na nani katika ukoo, kisha mkuu wa ukoo akalitamka jina. Shangazi wa mtoto huyu ni watu wa Oyam. Hawajui Araali ni nani wala Abwooli ni nani. Nani atamtazama?

Nyinabarongo wa Hoima

Watamtazama nyanya yake na mama zake wadogo, na shangazi wa Oyam watakaribishwa wakae karibu. Nimeshuhudia ikifanyika hivyo hapa Hoima kwa baba aliyekuwa Mkakwa kutoka Koboko. Walipika ugali wa ulezi na nyama iliyokaushwa kwa moshi, mtoto akapewa Atwooki, na baba yake mwenyewe akashika jembe akapanda mti wa mtoto nyuma ya nyumba. Mti huo sasa una kimo cha paa. Hakuna aliyepoteza kitu siku ile.

Na usisahau, mwalimu, kwamba wazee wetu wenyewe husimulia kuwa majina ya empaako yaliingia Bunyoro pamoja na Wabiito, ukoo wa wafalme wetu, waliotoka upande wa Waluo. Kwa hiyo huwezi kuniambia kwamba mambo haya hayawahusu watu wanaosema lugha ya Kiluo kama yako.

Mwalimu wa Aduku

Hilo la Wabiito nalikubali, na ni hoja nzuri. Lakini halibadilishi kwamba mtoto ni wa ukoo wa baba yake.

Dereva wa Elegu

Wapendwa, mnabishana ni jina gani liwekwe, nami ninaona hatari nyingine inakuja: kwa mwendo huu mtoto ataondoka hapa na majina matano. Naomba mnivumilie nisimulie yaliyompata mdogo wangu, kwa sababu yanahusu moja kwa moja jina la Emmanuel.

Mdogo wangu alibatizwa Emmanuel. Nyumbani alikuwa na jina la Kiacholi, refu, ambalo mama alilitoa kwa kumshukuru Mungu. Nanyi mnafahamu kwamba katika nchi yetu hakuna Emmanuel anayeitwa Emmanuel. Mtaa mzima, shule nzima na kanisa zima huwaita Emma. Alipofika darasa la saba, mwalimu aliyeandika orodha ya watahiniwa wa PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, katika shule moja ya msingi aliandika jina alilozoea kumwitia. Hakumwita mzazi wala hakuomba cheti cha ubatizo. Matokeo yalipotoka, cheti kilikuja na jina la Kiacholi lililokosa herufi moja, na mbele yake herufi nne zilizopigwa chapa nyeusi: EMMA.

Hatukulitilia maanani. Alipofika kidato cha nne alijaza fomu kwa mkono wake mwenyewe, akaandika Emmanuel kwa ukamilifu na jina la Kiacholi kwa usahihi. Mwaka 2014, wakati wa uandikishaji mkubwa wa vitambulisho vya taifa, baba alikuwapo, naye akasisitiza jina lake liongezwe, ili ukoo usipotee. Kwa hiyo kijana akawa na cheti cha msingi chenye jina moja, cheti cha sekondari chenye jina la pili, na kitambulisho chenye jina la tatu, na yote matatu ni yake.

Ikaja nafasi ya kazi ya ulinzi nje ya nchi. Alipita usaili, akapita vipimo vya afya, tukauza ng'ombe dume kwa ajili ya nauli na ada. Walipolinganisha hati zake, wakala akauliza kwa nini cheti cha msingi ni cha mwanamke. Kule alikokuwa anapelekwa, Emma ni jina la kike. Tulitafuta wakili, tukala kiapo kwamba ni mtu mmoja, kikarudishwa kwa kuwa kiapo kilitaja majina mawili na kitambulisho kina matatu. Tukala kingine. Tulipokipeleka, orodha ilikuwa imefungwa na wenzake wameshapanda ndege. Leo anafanya kazi ya uashi Atiak, ni fundi mzuri na ana familia, lakini ng'ombe hakurudi.

Sisemi Emmanuel ni jina baya. Ninasema kwamba ukimpa mtoto Emmanuel, uwe tayari kusimama kwenye dawati la kila mwalimu na kuhakikisha herufi zote nane zimeandikwa. Kama huna muda huo, Baraka haifupishwi na Kizito haifupishwi. Wala Okello.

Mwanga wa Jinja

Pole sana, ndugu, kwa yaliyompata mdogo wako. Hata hivyo kosa ni la mwandikaji, jina halina hatia. Wanangu wawili wa kiume wana majina ya Biblia, na nimewazoesha watu tangu mwanzo kuyataja yote bila kuyakata.

Mzee wa Bombo

Jambo la herufi ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Jina moja la khalifa wa tatu, hapa Uganda utalikuta limeandikwa Uthman, Osman, Usman na Asuman, wakati mwingine ndani ya nyumba moja. Mimi na ndugu yangu wa tumbo moja tunaandika jina la baba yetu kwa namna mbili tofauti, na tulipogawana urithi wake ilitulazimu kuleta mashahidi wa mtaani. Chagueni jina lolote, lakini liandikeni kwa namna moja, na baba na mama wote wawili waijue namna hiyo kwa moyo.

Karani Mstaafu

Nimefanya kazi ya ukarani kwa muda mrefu, na ningependa kuongeza yanayohusu karatasi, kwa kuwa Baba wa Bweyale alianza kwa kuitaja.

Kwa Sheria ya Usajili wa Watu ya mwaka 2015, kuzaliwa kwa mtoto husajiliwa na NIRA, mamlaka ya taifa ya utambulisho na usajili, na jina litakaloingia hapo ndilo litakaloambatana na namba yake ya utambulisho maisha yote. Kulibadilisha mtu akiwa mkubwa kunahitaji tangazo katika Gazeti la Serikali, kisha kuzunguka na hati hiyo kwenye benki, kwenye pasipoti na kwa mwajiri. Vyeti vya mitihani ndivyo vigumu zaidi kurekebisha. Kwa hiyo siku chache mnazotumia sasa kuafikiana si za kupoteza, zitumieni zote.

Fomu hutofautisha jina la ukoo na majina mengine. Ninashauri jina la asili liwe la kwanza, kisha la ubatizo, basi. Empaako ni ya mdomoni na ya salamu. Sijaona faida ya kuipeleka kwenye fomu, na nimeona hasara yake. Kuhusu jina la baba, wako wanaoliongeza ili wasihojiwe uwanjani Entebbe wakisafiri na mtoto mwenye jina tofauti na lao. Hilo ni la kila mzazi, lakini kumbuka kwamba kinachomtambulisha mzazi ni cheti cha kuzaliwa, ambacho kinawataja baba na mama wote wawili. Kwa sisi ambao baba na mtoto hatufanani majina, cheti hicho kina kazi kubwa kuliko jina.

Katekista wa Masindi

Nimekuwa nikilifikiria Okello tangu mwalimu alipolitaja, na kuna jambo ambalo nashangaa hatukulikumbuka mapema.

Kanisa la Kaskazini lina mashahidi wake. Daudi Okelo na Jildo Irwa walikuwa makatekista vijana wa Kiacholi waliotumwa Paimol kufundisha dini, wakauawa huko Oktoba 1918. Daudi alikuwa hajafika miaka 20, na Jildo alikuwa mdogo zaidi. Papa Yohane Paulo wa Pili aliwatangaza wenye heri tarehe 20 Oktoba 2002. Hapa sasa tuna jina la Okello likiwa kamili mbele ya Kanisa, pamoja na jina la ubatizo lililokwisha kuambatanishwa nalo. Daudi Okello. Mtoto wa Oyam hahitaji kuazima shahidi kutoka Buganda ilhali anaye wa upande wake, tena mwenye jina lake mwenyewe.

Kizito nampenda, na mke wako ana sababu njema ya kumpenda. Lakini ningekuwa mimi, ningeliweka hili mbele yake jioni ya leo.

Mwalimu wa Aduku

Katekista, umenifurahisha sana. Mimi ni Mwanglikana, na kwetu shahidi mkubwa wa Kaskazini ni Askofu Mkuu Janani Luwum, ambaye taifa linamkumbuka kila tarehe 16 Februari, lakini Daudi Okello ni jina ambalo ningelikubali kwa mikono miwili.

Dereva wa Elegu

Nami naliunga mkono, na nina sababu ya ziada. Baadhi ya majina yetu ya Kiacholi yanabeba huzuni ya siku ambayo mtoto alizaliwa. Mwenye jina la Komakech hutangaza bahati mbaya ya nyumba yake kila anapojitambulisha, na nawafahamu watu wazima waliojiita Komagum ili wahesabiwe kuwa na bahati. Okello halina mzigo huo. Linasimulia furaha iliyokuja baada ya furaha nyingine.

Mwanga wa Jinja

Mimi ninawaunga mkono hao wanaobadilisha kutoka Komakech kwenda Komagum, na hiyo ndiyo hoja yangu ya awali kuhusu majina.

Katekista wa Masindi

Kwa jina la huzuni sikupingi. Kwa Mukasa ninabaki pale pale.

Baba wa Bweyale

Nimeyasoma yote, mengine kwa sauti, mke wangu akiwa ananyonyesha. Naona ni haki niwaeleze hali ilivyo, kwa kuwa mmetumia muda wenu.

Jina la Okello nalijua, na Kiiza nalijua. Baba yangu alipiga simu siku ile ile akasema, "Okello amefika." Mama mkwe wangu alikuja na ndizi na kuku, na tangu alipoingia mlangoni anamwita Kiiza, na mapacha nao wanamwita hivyo. Nilitafuta jina la Kiswahili ili pande zote mbili ziwe sawa na pasiwe na aliyeshinda. Mke wangu alitaja Kizito kwa nia hiyo hiyo, kwa sababu si la kwetu wala la kwao.

Jina la Daudi limempendeza. Alinyamaza kidogo, akasema, "Daudi sawa, lakini kwa nini Okello ndiye aandikwe na Kiiza asiandikwe, wakati ni mtoto yule yule aliyefuata mapacha wale wale?" Sikuwa na jibu, na sikutaka kumjibu kwamba ni kwa sababu mimi ndimi baba. Mapacha wana majina ya Kilango peke yake kwenye vyeti vyao, na nadhani hilo nalo linamuuma.

Jumamosi nitakwenda Oyam kuzungumza na baba yangu ana kwa ana. Mpaka sasa hatujaandika kitu.

Nyinabarongo wa Hoima

Mkeo ana haki. Muandikeni Okello Daudi Kiiza. Majina matatu si mengi kama kila moja lina mwenye kulitetea.

Dereva wa Elegu

Matatu ni mengi, dada yangu. Nimeeleza kwa nini.

Mwalimu wa Aduku

Nimeguswa na swali la mama wa mtoto, na silijibu kwa haraka. Labda mzee wa Oyam mwenyewe atakuwa na jibu jepesi kuliko sisi. Ila naomba kuuliza jambo dogo kuhusu mapacha. Huyu wa pili ameandikwa Acen au Achen? Katikati ya Lira na Kampala watu huligeuza sana, na pia Okello mwingine huandikwa na l moja, kama alivyoandikwa Daudi mwenyewe.

Baba wa Bweyale

Cheti cha kuzaliwa kinasema Acen. Nimeitazama sasa hivi ripoti yake ya shule ya muhula uliopita, imeandikwa Achen.

Karani Mstaafu

Basi hilo lisingoje Jumamosi. Kesho asubuhi mpelekee mwalimu mkuu cheti halisi pamoja na nakala, umwombe arekebishe rejista ya shule mbele yako, si ripoti peke yake, kwa sababu orodha ya darasa la saba itanakiliwa kutoka kwenye rejista. Mtazame na Apio pia.